Uzi: La Pavoni ya swichi mbili imefufuka Kirumba, wenye mashine za kahawa za mkono njooni hapa

NgoshaWaPampu (mwanzisha uzi)

Wakuu mwadila.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja faragha, kwa hiyo naweka yote hapa. Mashine iliyozua maswali ni La Pavoni Europiccola ya Milano, ile ya zamani yenye swichi mbili. Ilikuwa imelala stoo kwa mteja wangu mmoja wa Isamilo, hapa Mwanza. Marehemu baba yake aliachiwa na Mwitaliano aliyekuwa anarudi kwao. Kazi yangu ni pampu za maji na injini za mitumbwi, karakana iko Kirumba, na kahawa nilikuwa naijua ya kijiweni tu. Tulikubaliana na mteja hivi: nikiifufua inabaki karakana, yeye anakuja kunywa bure mpaka atakapochoka. Hajachoka.

Kwa wasiojua inavyofanya kazi: ni boila ndogo ya shaba, haifiki lita moja, yenye elementi ya umeme kwa chini, na ubavuni ina kichwa chenye pistoni. Haina pampu. Pampu ni bega lako. Ukiinua mkono wa mashine, pistoni inapanda na maji ya moto yanaingia juu ya kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa kwenye kikombe cha kichujio. Ukiushusha, pistoni inayasukuma yapite. Presha inayotafutwa ni kama baa 9 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Pistoni ya kipenyo cha sentimita 5 kwa baa 9 inabeba kama kilo 180. Urefu wa mkono ndio unaotuokoa.

Wengi wanadhani espresso, kahawa nzito ya mashine hizi, ni kahawa ya mvuke. Za mwanzo ndiyo, zilikuwa za mvuke. Luigi Bezzera aliandikisha yake Milano 1901, Desiderio Pavoni akainunua haki na kuanza kuziuza. Presha ya mvuke ule ilikuwa baa moja na nusu hivi, na kahawa ilitoka imeungua. Achille Gaggia ndiye aliyeleta pistoni: hati yake ya kwanza ya uvumbuzi 1938, ya mkono 1947 baada ya vita. Hapo ndipo lilipotokea lile povu la rangi ya dhahabu wanaloliita krema. Europiccola ilitoka 1961 kwa ajili ya nyumbani, na bado inatengenezwa. Hilo la mwisho ni muhimu kwa anayetafuta spea.

Sasa kazi. Ukiokota mashine ya namna hii, jambo la kwanza weka chini hiyo Brasso. Kila anayeipata anaanza kung'arisha, anapiga picha, halafu anachomeka ukutani. Kromi haijawahi kumuunguza mtu. Kinachounguza ni boila yenye valvu iliyoganda, na kinachoua ni waya uliopasuka kwenye chuma chenye maji.

Nilianza na umeme. Kibao cha chini kinasema volti 220, wati 1000, kwa hiyo umeme wetu unaifaa. Zipo zilizotengenezwa kwa volti 110, kwa hiyo soma kibao kwanza. Waya wa zamani niliutoa wote nikaweka wenye ganda la silikoni, unaovumilia joto. Ethi niliifunga kwenye mwili wa mashine kwa bolti yake yenyewe. Plagi ilikuwa ile ya Kiitaliano ya vipini vitatu vya duara vilivyopangwa mstari mmoja, nikaikata. Elementi nikaipima kwa mita: kwenye moto mkubwa tegemea omu 48 hivi, na kati ya elementi na mwili usione usomaji wowote. Ukiuona, elementi imekufa hata kama bado inachemsha.

Kisha boila. Yule Mwitaliano alikaa Dodoma kabla ya kuja huku, na maji ya Dodoma mnayajua. Ndani kulikuwa na chokaa imeganda hadi kioo cha kuonyeshea maji hakionyeshi kitu. Nilitumia unga wa asidi ya sitriki, ule wanaouza maduka ya vifaa vya kuokea: gramu 40 kwa lita moja ya maji ya moto, unaacha ifanye kazi, unamwaga, unarudia. Usiweke kali zaidi ili umalize haraka, wala usiilaze usiku kucha. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na asidi ikikaa mno inakula zinki. Ukiona sehemu ya njano imegeuka rangi ya waridi, hapo chuma kimeanza kuwa dhaifu.

Elementi inafunguka kwa spana ya pekee ambayo hapa huipati dukani. Fundi wa kukereza Nyakato alinichongea kwa chuma bapa. Kabla ya kuivuta nilipaka mafuta ya kulegeza kutu nikaacha, nikapasha moto pembeni, ndipo nikavuta. Ukilazimisha bila joto unavua thredi, na thredi ya boila ikishavuliwa umemaliza mashine.

Halafu mipira, na mashine yote iko hapo. Pistoni ina sili mbili zenye mdomo. Kanuni ni ile ile ya pampu: mdomo wa sili unaelekea presha inakotoka. Ya chini inatazama chini kwenye kahawa, ya juu inatazama juu kwenye boila. Ukizigeuza, maji yatapita pembeni utafikiri silinda imelika. Mbali na hizo kuna mpira wa shina la pistoni, gasketi ya kichwa mahali kikombe cha kichujio kinapofunga, gasketi ya elementi, oringi ya kifuniko na mipira ya kioo. Sili za pistoni niliagiza Ulaya, seti nzima, zilikuja kwa posta. Za bapa zilichongwa hapa hapa kwa tefloni.

Anayeagiza aangalie toleo. Za kabla ya kizazi cha karibu mwaka 2000 zina kichujio cha milimita 49, za baada ya hapo 51. Mipira haiingiliani.

Ulizeni.

MtuWaMjini

Mkuu hongera, ila kwa hela ya spea, posta na fundi si ungenunua mpya tu? Zipo za kubonyeza kitufe, zinasaga zenyewe.

NgoshaWaPampu

Zipo kaka. Za kitufe zina bodi ya umeme, na bodi ikipigwa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, mimi siwezi kukutengenezea na wala mwingine Mwanza sijui kama ataweza. Hii ikiharibika ni mpira au elementi. Naifungua kwa spana.

Bakoki_Mstaafu

Kijana, kazi nzuri. Ila umeruka. Umesafisha boila, umefunga elementi, umeweka mipira, halafu umewasha. Umeipima wapi?

Nimekaa chumba cha mashine melini miaka mingi na boila nazijua. Boila ya zamani usiyoijua historia yake huipandishi moto kabla ya kuipima kwa maji baridi. Unaijaza maji mpaka juu, hewa yote itoke, unaziba mahali pa valvu, unapandisha presha kwa pampu ya mkono ile wanayotumia mafundi bomba. Kwa inayofanya kazi chini ya baa moja, mimi ningeifikisha baa 2, niiache nusu saa niangalie geji. Ikishuka, kuna pa kuvuja. Maji baridi hayashindiliki, kwa hiyo hata mshono ukiachia unapata tone tu. Hewa ya kompresa inashindilika, na mshono ukiachia unapata bomu. Nawaona vijana wa gereji wanavyopima kila kitu kwa kompresa.

NgoshaWaPampu

Shikamoo mzee. Nilipima, sikuandika tu. Pampu ya kupimia niliazima kwa fundi bomba wa Pasiansi, nikapandisha baa 2 kama unavyosema. Ilivuja kwenye kioo, nikabadilisha mpira, ikashika. Valvu ya usalama niliipima peke yake baada ya hapo.

Bakoki_Mstaafu

Marahaba. Valvu je, ilikuwa imeganda?

NgoshaWaPampu

Imeganda kabisa mzee. Springi yake ndogo ilikuwa imeshikana na chokaa. Nimeisafisha, springi nikaweka mpya iliyokuja na seti. Na hii ya swichi mbili haina presostati, maana yake hakuna kitu kinachokata umeme presha ikifika. Swichi ya moto mkubwa ni ya kupandishia, ya moto mdogo ni ya kushikilia. Valvu ikianza kupiga mluzi unajua imefika, unashusha kwenye mdogo. Hairuhusiwi kuiwasha ukatoka kwenda kununua vocha.

Bakoki_Mstaafu

Sawa. Na umeme ukikatika, toa plagi ukutani. Usiku ukirudi mwenyewe na boila ni kavu, elementi imekwenda.

DadaWaMaabara

Samahani kaka Ngosha, nina maswali mawili ya afya maana naona watu wanaongelea kromi tu. Gasketi za zamani za rangi ya kijivu zenye nyuzinyuzi, uliziondoa vipi? Mashine za miaka ya 50, 60 na 70 nyingi zilitumia asbesto kwenye gasketi na vizuia joto. Na la pili, mshono wa boila ukivuja watu wanakimbilia mafundi wa rejeta, je, ni salama?

NgoshaWaPampu

Dada umegusa penyewe. Ya elementi ilikuwa ya namna hiyo. Sikujua kama ni asbesto au siyo, nikaichukulia ndiyo. Niliilowesha maji kwanza, nikavaa barakoa, nikaitoa kwa kisu taratibu ikiwa imelowa, nikaifunga kwenye mifuko miwili. Usiikwangue kavu, usiipige msasa, usiipulize kwa kompresa. Vumbi lake ndilo linaloingia mapafuni.

La rejeta, sikuhitaji kulehemu. Fundi rejeta anatumia lehemu yenye risasi, na kwenye rejeta ni sawa kwa sababu hakuna anayekunywa maji ya rejeta. Boila ya kahawa inataka lehemu ya fedha isiyo na kadmiamu, na moto mkali zaidi. Mafundi friji wengine wanayo, wanaitumia kwenye mabomba ya shaba. Uliza kwanza waya wake una nini ndani.

DadaWaMaabara

Ahsante. Na grisi?

NgoshaWaPampu

Grisi ya silikoni ya daraja la chakula. Ya bearing hapana kabisa. Achilia mbali ladha, mipira mingine ya aina ya EPDM ikiguswa na grisi ya petroli inavimba kisha inalainika, unajikuta unanunua sili upya.

MamaKashata_Makoroboi

Nimewasoma tangu juu mpaka hapa nikawa nacheka mwenyewe. Wanaume na baa zenu tisa! Mimi dele langu ni mkaa na tangawizi, wateja wanakaa tangu alasiri mpaka usiku wanapanga serikali, na halijawahi kuvuja mpira.

Ila Ngosha, kweli nilionja ile ya kwako. Niseme ukweli wa Mungu: ya kwanza ilikuwa chungu na chumvi kwa pamoja, ikanikamata koo. Ya pili ndio nikaelewa. Ni kikombe cha kumeza mara mbili na ladha inabaki mdomoni njia nzima. Lakini huwezi kukalia kijiwe na kikombe kama kile. Mtu anamaliza kabla hajaanza kuongea.

NgoshaWaPampu

Hahaha, mama shikamoo. Ile ya kwanza kahawa ilikuwa ya kwako mwenyewe! Uliyokaanga mpaka nyeusi inang'aa mafuta, ukaitwanga. Kinu hakitoi unga wa saizi moja. Vipande vikubwa vinapitisha maji mbio, vumbi linaziba, maji yanajitafutia njia pembeni. Hapo unapata chumvi na uchungu kikombe kimoja.

Wakuu, hili nilikuwa nimelisahau na pengine ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Kinachosaga ndicho kinachotengeneza kahawa. Blenda haifai, kinu hakifai. Lazima kiwe kisagio chenye meno mawili yanayosagana, unachoweza kurekebisha kidogo kidogo. Mimi natumia cha mkono, cha kuzungusha. Gramu 14 unatoka jasho, lakini unga unatoka sawasawa. Ukiinua mkono wa mashine na kuushusha usikie uzito mfululizo. Ukishuka kama hakuna kitu, umesaga kubwa. Ukigoma kabisa, usiulalie: umesaga laini mno, utapinda pini.

MamaKashata_Makoroboi

Haya, nimekubali kosa la kinu. Kukaanga siachi, wateja wangu wanataka nyeusi.

Omwani_Bk

Kutoka Bukoba nawasalimu. Mnaongea mashine tu, hamjasema mnaweka kahawa gani. Kagera kwetu aina ya robusta ndiyo baba, wazee wanaitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa na ganda lake, ukifika mgeni unapewa kabla ya kiti. Na TANICA, kiwanda cha kahawa, iko hapa hapa. Watu wa espresso wa Ulaya wanaidharau robusta kwa midomo lakini Waitaliano wanaichanganya tangu zamani, kwa sababu inatoa krema nene na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa mashine ya mkono ambayo presha inapanda na kushuka na bega, krema ile inasaidia.

Jaribu theluthi moja robusta yetu na iliyobaki arabika ya Tarime. Usikaange mpaka mafuta yatoke nje.

NgoshaWaPampu

Omwani wabeja. Nimejaribu robusta tupu, inakupiga kifua kama umekunywa kwa deni. Ya mchanganyiko nzuri zaidi. Ila nilipunguza mpaka robo, theluthi kwangu ilikuwa na ladha ya mbao.

Omwani_Bk

Mbao ni ya kahawa iliyovunwa ikiwa mbichi na kuanikwa chini kwenye udongo. Tafuta iliyoanikwa kwenye chanja. Nitakutumia kwa meli.

KisumuJuakali

Mambo majirani. Mimi niko Kisumu, ziwa ni lile lile tu. Nina swali. Vitabu vya hizi mashine viliandikwa na watu wa Milano, mahali pa chini. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Maji yanachemka kama digrii 96. Je, presha ya boila inafaa iongezwe? Na maji ya ziwa yanaharibu boila ama hayaharibu?

NgoshaWaPampu

Karibu jirani. Hilo la urefu nilikaa nalo sana.

Geji inasoma presha iliyo juu ya hewa ya mahali ulipo. Milano hewa ni kama baa 1, hapa ni kama 0.88. Kwa hiyo geji ikisoma 0.8, kwao boila ina digrii 117 hivi na kwetu 115. Tofauti ipo ila ni ya digrii mbili, na kwa mashine hii ni faida kwetu, kwa sababu ugonjwa wake mkubwa ni kupata moto kupita kiasi. Kichwa kimefungwa moja kwa moja kwenye boila. Kikombe cha kwanza kinatoka vizuri, cha pili vizuri, cha tatu au cha nne kichwa kimeshapata moto na kahawa inaungua. Hapo unakizungushia kitambaa chenye maji baridi, au unazima unapumzika. Si mashine ya foleni.

Kuna na hewa ya uongo. Ukiwasha mashine baridi, hewa iliyo ndani inapanuka na geji inapanda kabla maji hayajafikia joto lake. Fungua bomba la mvuke kidogo, liteme hewa na matone mpaka utoke mvuke mkavu, funga, acha ipande tena. Usipofanya hivyo utapata kahawa chachu na utalaumu mbegu.

Maji ya ziwa ni laini, madini yake ni machache, hayajengi chokaa haraka. Natumia ya bomba, nayachuja kwa sababu ya klorini na udongo. Anayetumia ya kisima apime kwanza. Vijiji vya ndani huko visima vingine vina chumvi, na chumvi ni mbaya kuliko chokaa.

KisumuJuakali

Asante sana bwana. Kifuniko cha boila je? Yangu ilirushia mtu maji moto.

Bakoki_Mstaafu

Kifuniko hakifunguliwi kukiwa na presha. Hakuna mjadala hapo. Zima, fungua bomba la mvuke mpaka linyamaze, geji isome sifuri, ndipo uguse kifuniko, na ukifungue kwa kitambaa. Ukitaka kuongeza maji katikati ya kazi ni utaratibu huo huo. Na ukimaliza kuchemsha maziwa, piga mvuke nje mara moja kabla ya kuzima. Boila ikipoa inavuta kurudi ndani, na maziwa yatapanda kwenye bomba mpaka kwenye maji yako ya kesho.

MusomaHoteli

Wakuu, mimi nina kesi nzito zaidi. Hoteli ya zamani ya familia yetu hapa Musoma ilikuwa na mashine kubwa ya kaunta, ya vichwa viwili, ya mkono pia. Ila mikono yake ni tofauti: unaivuta chini halafu inapanda yenyewe polepole. Kijana wangu aliichezea ikiwa baridi, mkono ukaruka ukampiga karibu na sikio. Imekaa miaka bila kuguswa. Nifungue au niuze chuma chakavu?

NgoshaWaPampu

Pole kwa kijana. Usiuze! Hiyo ni ya springi. Ukivuta mkono chini unakaza springi na maji yanaingia. Ukiuachia, springi ndiyo inayosukuma pistoni, inaanza na presha kubwa inashuka kidogo kidogo. Kahawa ndiyo inayoizuia isirudi kwa kasi. Kikombe cha kichujio kikiwa hakipo, au kahawa ni kidogo, hakuna cha kuizuia, mkono unaruka. Watu wamevunjika taya. Ukiushusha usiuachie mpaka uhisi umeshika uzito, na uso uwe pembeni, kamwe usiwe juu ya mkono.

Kuifungua ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Ndani ya kila kichwa ile springi imeshakazwa tangu kiwandani, hata mashine ikiwa imezimwa. Ukifungua bolti za mwisho kwa kawaida, inakurukia.

Bakoki_Mstaafu

Ngoja niongeze hapo. Bolti mbili fupi unazitoa, mahali pake unaweka stadi ndefu zenye thredi na nati. Nati hizo unazibana kwanza zibebe mzigo, ndipo unafungua bolti zilizobaki, halafu unalegeza nati zako kidogo huku kidogo huku mpaka springi iishiwe nguvu. Kurudisha ni hivyo hivyo kinyumenyume. Asiyekuwa na stadi ndefu asiguse.

Boila ya hiyo sio ya lita moja. Itakuwa ya lita kumi na kitu, huenda zaidi, na zamani baadhi zilichemshwa kwa gesi. Kama unataka kuiweka tena kaunta uuzie watu, boila yake ni chombo cha presha mahali pa kazi na inakaguliwa. Waite OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, kabla ya kufungua hoteli. Ngosha anaweza kukufanyia mipira. Cheti hawezi kukupa.

MusomaHoteli

Nimeelewa mzee, shikamoo. Nimechungulia kwa tochi: nyuma ina geji mbili, na bomba moja la shaba limeota kijani. Boila imefungwa kwa kitu kama pamba nyeupe iliyokauka.

DadaWaMaabara

Hiyo pamba nyeupe usiiguse kaka, huenda ni asbesto! Usiivute, usiifagie. Funga kwa nailoni kwanza, na watoto wasikaribie.

MusomaHoteli

Nimefunga stoo kwa kufuli. Ngosha, nikiileta Mwanza kwa fuso utaipokea?

NgoshaWaPampu

Naipokea, ila pamba kwanza ishughulikiwe na wenye vifaa, haiingii karakana ikiwa nayo. Wakati unalisubiri hilo nitumie picha ya kibao cha chini au cha ubavuni, tuone jina, mwaka na volti. Za kaunta nyingine ni za nyaya tatu za umeme mkubwa. Pima na kipenyo cha ndani cha kikombe cha kichujio kwa kalipa, milimita kamili, nianze kuulizia sili. Na ikipakiwa isafiri imesimama, mikono ikiwa juu, ifungwe kwa kamba ili asije tandiboi akaivuta njiani.

MamaKashata_Makoroboi

Vichwa viwili! Hiyo hata kijiweni inaweza kufaa. Musoma, ukiuza niambie bei kabla ya mtu wa chuma chakavu.

MusomaHoteli

Mama, haiuzwi tena. Kipenyo nimepima sasa hivi: milimita 58. Picha ya kibao naituma kukipambazuka.